Majibu Niliyompa Okello

Bwera, Jumanne

Nimemficha mkwe wangu Okello jambo moja, na leo nimemdanganya tena mchana kutwa.

Maneno ya Lhukonzo, lugha yetu, niliyokusanya tangu nikiwa mwalimu yamo katika programu ya zamani. Siku hizi inafanya kazi ndani ya mashine pepe tu, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya laptopu yangu. Laptopu ina intaneti, mashine pepe haina. Bila intaneti maneno hayatoki humo, na daktari ameniambia wazi kwamba nimebakiza siku chache.

Okello ni fundi wa mitambo jeshini, Kasese. Aliniongoza kwa simu.

"Mzee, ingia kwa settings za network. Iko inasema nini?"

"Inasema NAT, afande, yaani inatumia intaneti ya laptopu."

"Pale wameandika kebo, iko na tiki?"

"Iko nayo."

"Soma pale chini."

"Imeunganishwa."

Akacheka. "Hii mashine iko mwongo, mzee! Imeunganishwa na haiendi popote?"

Nami nikacheka. Kila jibu nilikuwa nimelitunga. Maskini, anatafuta kosa katika majibu yangu, hatalipata kamwe.

Nikimwambia ukweli, yeye na binti yangu watakuja kunichukua nikafie kambini. Nataka kufia hapa nyumbani. Basi maneno yatapotea, na ni mimi niliyechagua hivyo.

Sioni. Skrini kwangu ni weupe mtupu, na hata mistari hii ya kalamu sijui kama imepandana.