Mbolea Iliyogeuka Muti

Kabondo, Kisangani
Tarehe 23 mwezi wa pili 2024

Mpendwa mutoto wangu Aïcha,

Salamu nyingi sana, mama yangu. Habari ya huko Lubumbashi? Uko muzima? Kichwa kile hakikusumbui tena? Unakula vizuri, ao unakunywa chai tu halafu unasema umekula? Mimi ninakujua.

Huku wote wanakusalimia. Papa yako Mahmoudi anakusalimia. Mguu ungali umevimba, lakini kwa fimbo anafika musikitini, na akirudi anakaa mulangoni kugombeza kuku. Bibi yako, ndoyi wako mwenye jina moja na wewe, anauliza kila asubuhi kama Aïcha mudogo amerudi. Ninamwambia bado. Anasema basi asome, mimi sifi leo. Kaka yako Mohamadi anakusalimia, angali anaendesha toleka kule bandarini Makiso. Anasema baiskeli ya watu wawili siku hizi inabeba yeye na njaa yake. Zainabu mudogo wako anakusalimia, ameng'oka meno ya mbele na anacheka na mukono kwenye kinywa. Jirani yetu mama Berthe pia anakusalimia, anasema usiolewe huko bila yeye kucheza.

Na mimi mama yako, niko. Siwezi kusema vizuri, siwezi kusema vibaya. Niko.

Nilitaka kukuambia haya kwa simu, lakini simu inamaliza unités kabla sisi hatujamaliza salamu. Ndiyo maana ninaandika. Soma polepole, mwandiko wangu unaujua.

Bon. Katika barua yako uliniuliza neno kwa ajili ya masomo yako. Ulisema waalimu wenu wanataka kujua kwa nini wakulima wadogo hawapokei namna mpya za kulima, zile zisizochosha udongo, wakati wamefundishwa, wamepewa mbegu, na wao wenyewe wanasema wameelewa. Uliniomba niwaulize wamama wenzangu wa barabara ya Bangboka. Mama yangu, sikuuliza mutu. Nitakuandikia yaliyonipata mimi, kwa sababu mimi nilipokea.

Shamba letu unalikumbuka. Papa yako alipewa na papa Anselme, mwenye udongo ule, wakati wewe ungali mgongoni mwangu. Hakutuuzia, hakututolea zawadi. Alisema, limeni. Kila mavuno tunamupelekea sehemu yake ya muhogo, na sikukuu ya Noeli tunamupelekea jogoo, na yeye siku ya Idi anatuletea samaki. Tuliishi hivyo. Na desturi sisi wote tuliotoka Maniema tunaijua: kwenye udongo wa mwenyewe unapanda kitu cha kung'oa. Muhogo, mahindi, mupunga. Hupandi mungazi wa mafuta, hupandi muti wa matunda kama safu. Mwenye kupanda muti amesema udongo ni wangu, hata kama kinywa chake kimefunga.

Halafu akaja Lionel, yule agronome, mwalimu wa kilimo wa projet. Kijana wa heshima, alikula sombe yangu akaomba nyingine. Alisema tuache kuchoma shamba, udongo umechoka na pori linatukimbia. Hakusema uongo. Mimi mwenyewe nimeona, zamani kuni nilikuwa ninaokota nyuma ya muhogo, sasa ninazifuata mpaka miguu inanidai. Donc akatupa mbegu ndani ya mifuko midogo, akasema: “Wamama, hii ni mbolea. Mbolea ya majani. Pandeni kwa mistari, katikati ya muhogo.”

Tukamuuliza, mbolea? Akasema, mbolea. Mama Berthe akasema, “Ya mbuzi ninaijua. Hii ya kupanda, nitangoja kwanza nione itazaa nini.” Tukacheka. Yeye hakupanda. Sisi wengine tulipanda mbolea. Kama Lionel angesema neno muti, hakuna mama hata mumoja angenyoosha mukono.

Mwaka wa kwanza ilikuwa furaha. Tulikata majani yake, tukayalaza chini, na muhogo ukatoka munene kama paja. Nilikuandikia, na wewe ulifurahi, ukasema ni vizuri. Mwaka wa pili mbolea ikanipita kichwa. Nilikuwa ninakaa kwenye kivuli chake kula ndizi yangu, na hata hapo sikuona. Kitu kikikupa chakula, jicho linakuwa rafiki yake.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huu papa Anselme alipita na watoto wake wakubwa. Chai alikataa.

“Mama Aïcha, nani amepanda hii miti?”

“Papa, si miti. Ni mbolea.”

Akaangalia juu. “Mbolea yenye kiota cha ndege?”

Watoto wake wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, “Bwana yako alikuja hapa na mufuko mumoja, mimi sikumuuliza kitu. Leo munanijibu neno ambalo sikuuliza.” Akaondoka.

Papa yako alikwenda kumuomba, Mohamadi akamubeba kwenye toleka na mguu ule ule. Walirudi na hili: tuondoe yote. Akipita kabla ya kupanda mahindi na asione hata muti mumoja, tutalima. Akiona, shamba linarudi kwa watoto wake. Lionel sasa hapatikani, projet yao imekwisha. Mutu mwingine wa ofisi yao, kule Makiso, alitupongeza sana. Alisema majina yetu iko kati ya wale waliopokea vizuri.

Tukakata. Mimi na Mohamadi tulikata, Zainabu alikuwa anakokota matawi. Mama Berthe alikuja na panga yake bila kuitwa, na siku ile hakufanya muchezo hata kidogo. Tulikata mpaka chini kabisa. Mimi nililia, mama yangu, kwa sababu kilikuwa kitu kizuri.

Halafu mvua ikanyesha. Nilirudi, nikakuta kila kisiki kimetoa machipukizi pande zote. Pale muti ulikuwa mumoja, sasa ni familia. Nikivunja ya mustari huu, ya mustari ule yanakuja. Tulichimba mizizi, lakini inakwenda chini, jembe linachoka kwanza. Ndipo nilikumbuka Lionel siku ile ya mbegu: “Uzuri wake, mama, ukiikata inarudi na nguvu.” Tulimupigia makofi.

Papa yako ameacha. Anasema hata tukimaliza yote, neno lilikwisha kusemwa na udongo ulisikia. Mimi pia, nikisema nina tumaini, nitakuwa ninakudanganya. Udongo wa kuazima karibu na mji hakuna tena. Tutakula ya sokoni, na ya sokoni itategemea baiskeli moja.

Wewe usijilaumu. Ulisema ni vizuri, na ilikuwa vizuri. Waambie waalimu wako kwamba tulielewa. Jina langu usiandike, papa Anselme asione kama tunamuchongea, kwa sababu yeye si mutu mubaya.

Salimia tonton Constant na muke wake, uwashukuru kwa kukulaza na kukulisha. Heshimu nyumba yao, osha sahani kabla hawajakuambia. Mungu akulinde ukitoka na ukiingia, akufungulie njia tusizoziona, na akurudishe kwetu bibi yako angali anakuuliza.

Sasa neno langu la mwisho. Wewe umesoma mambo ya mimea. Kuna kitu cha kuiua mbolea hii mpaka kwenye mizizi? Chumvi? Maji ya moto? Na muhogo usife pamoja nayo? Kama hakuna, niambie vilevile hakuna, nijue. Umupe jibu dereva wa tonton Constant, ao umupigie Mohamadi useme neno moja tu, salamu tutaziacha. Fanya upesi, mama. Jana machipukizi yalikuwa yamefika kwenye goti langu.

Mimi mama yako mwenye kukupenda kila siku,
Asumini