Majani Meupe

Jumanne, Jericho

Nusura Kevo, mwenzangu wa maabara, atupe miche yangu. Majani ya viazi vitamu yamegeuka meupe, akadhani ni ugonjwa. Nilimfokea mpaka nikaona haya. Weupe huo ndio nimekuwa nikiuombea: jeni inayolinda ukijani wa jani imenyamaza, yaani jaribio langu limefaulu.

Jioni Mama, akisonga ugali, aliuliza jeni inanyamazishwaje. Nikamwambia yenyewe hatuigusi. Inaendelea kutuma ujumbe wake, ila kipande kidogo cha RNA tunachokiingiza kwenye mmea kinaiongoza protini fulani hadi kwenye ujumbe huo, nayo inaukata.

Mama akaacha mwiko. "Kumbe ni kama lile kanisa la nyuma ya soko. Pasta anahubiri tu, lakini kuna mtu amekata waya wa spika."

Miaka yote hii, na sijawahi kulieleza vizuri hivyo.

Sasa ni zamu ya kunyamazisha virusi vinavyomaliza viazi vya shangazi kule Butere. Naogopa. Virusi navyo vina ujanja wa kuizuia protini hiyo inayokata ujumbe, na huenda vikanishinda.

Nilimwambia Mama hofu hiyo. Akauliza, "Hivyo virusi navyo vina waya?"

"Vinao. Hata huo ujanja wao huanza na ujumbe."

"Basi kata."