Bibi Ameniigiza Mbele ya Watu

Gladys, uko? Bibi yangu ameniua leo. Ameniua mbele za watu!

Si wajua ile densi ya wazee na vijana, pale ukumbi wa kanisa Mtopanga? Mwalimu Chrispine akawaambia wazee, "Bila maneno, tuonyesheni mtu mnayeishi naye."

Bibi akasimama. Kiganja sikioni kama simu, mkono wa pili wapunga kama wafukuza kuku. Ukumbi mzima ukacheka.

"Ni nani huyo, bibi?"

"Mjukuu wangu Kanze. Nikimwomba maji hunifanyia hivi."

Kuku, Gladys! Mbele ya watu!

Chrispine akasema, "Kanze, nawe mjibu kwa densi." Hasira zikanipanda. Nikaburuta mguu, kama yeye tangu alipopooza. Nikapindisha mdomo. Nikaacha mate yanidondoke wallahi.

Hakuna aliyecheka. Hata mmoja.

Bibi alinitazama mpaka nikamaliza. "Umeniweza, mwanangu," akasema. Kisha akamgeukia msichana wa kwaya, hata jina lake halijui. "Mama, waweza kunifikisha nyumbani?"

Wameondoka wameshikana mikono. Mimi bado niko ukumbini, watu wapanga viti na hakuna anayenitazama.