Kitambaa Chekundu Nilichokifungua Njia Panda ya Kinamasi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa jaladani. Umri: miaka 71. Kazi: mwalimu mstaafu. Makazi: nyumba za walimu, nyuma ya shule.

Kwanza naomba radhi kwa kukaa kimya siku kumi na moja. Nilipohojiwa tarehe 14 nilisema kwamba nilidhani tumetimia. Hayo hayakuwa kweli.

Sisi ni kikundi cha wastaafu saba. Kila Jumamosi tunatembea katika njia ya msituni kandokando ya mto. Kiongozi wetu, muuguzi mstaafu, hutangulia na kufunga kitambaa chekundu kwenye mti kila penye njia panda. Wa mwisho huvifungua, na haruhusiwi kumpita mtu. Wa mwisho ni mimi, namba saba. Namba sita alikuwa fundi cherehani, mdogo wa mke wangu.

Mnamo tarehe 14, saa 1:15 asubuhi, tuliingia msituni. Kulikuwa na ukungu na njia ilikuwa tope. Saa 2:30 Fundi aliketi juu ya gogo, akavua kiatu. Ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo kunisimamisha hivyo.

Nikamwambia, "Inuka, wenzako wanatusubiri."

Akajibu, "Shemeji, hapa si shuleni. Tangulia, mimi sipigi mbio za mwenge."

Nilisimama dakika kumi, kisha nikampita.

Saa 2:50 nilifika njia panda. Kitambaa kilikuwa kwenye mti wa kulia. Njia ya kushoto huingia kinamasini. Majani yake ni mabichi na yamelala vizuri, na penye ukungu hata mwenyeji huyadhania ardhi ngumu. Wenzangu walikuwa hatua chache mbele, wamefichwa na matete. Muuguzi akaanza kutuhesabu, kila mtu akiita namba yake. Ilipofika sita, Dereva, aliyestaafu kuendesha malori na rafiki mkubwa wa Fundi, akabana pua, akaiga sauti yake: "Sita! Nipo bwana, mnanihesabu kama kuku?"

Watu wakacheka. Waliamini kwamba Fundi yupo nami nyuma ya matete. Dereva alitaka kumkinga mwenzake asigombezwe kwa kuchelewa.

Mimi sikudanganyika. Nilijua Fundi yuko nyuma, kwani nilimwacha mwenyewe. Nikaita, "Saba." Kisha nikakifungua kitambaa, nikakitia mfukoni.

Sikumtakia mauti. Nilitaka apotee kidogo, achelewe chai, aone haya mbele ya watu. Kwa miaka thelathini na minane niliwafungia mlango wanafunzi waliochelewa, na hakuna aliyedhurika.

Saa 4:40 tulitoka barabarani tukiwa sita. Muuguzi akauliza, "Fundi yuko wapi?" Dereva alibadilika rangi. Akasema, "Jamani, ni mimi niliyeita." Kitambaa kilikuwa bado mfukoni mwangu. Saa 9:30 alasiri askari wa misitu waliuopoa mwili wake kinamasini, hatua mia mbili kutoka njia panda. Mguu mmoja haukuwa na kiatu.

Dereva yuko mahabusu tangu juzi. Amekiri mzaha wake mwenyewe, bila kulazimishwa. Mke wangu ameapa kwamba hatamsamehe mpaka aingie kaburini. Nimekaa naye meza moja siku zote hizi, nikiitikia.

Afande ameniuliza iwapo nitamweleza mke wangu mwenyewe, au nitaacha asikie mahakamani. Sijaamua. Nitakapoamua nitamwandikia Afande barua na kuileta hapa kituoni kwa mkono wangu.

Nimeyasema haya kwa hiari, nimesomewa, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami tarehe 25, saa 5:10 hadi 6:25 mchana. Shahidi alisahihisha herufi tatu kabla ya kutia sahihi. Amewekwa chumba cha mahojiano akisubiri amri ya mkuu wa kituo. Mkewe, aliyemsindikiza, yupo kwenye benchi la nje. Ameniuliza, "Mwanangu, mume wangu amekwisha kukueleza jinsi Dereva alivyomuua mdogo wangu?" Nimemwomba asubiri.