Skrini Imemwaga Siri ya Mgonjwa, Lawama Kaangushiwa Mwenzangu

Bi Mastura mpendwa, shikamoo. Nisaidie, maana hata sijui nianzie wapi. Mimi ni mtengenezaji wa mifumo ya kompyuta hapa Usagara, na mwezi uliopita niliiundia zahanati moja mfumo wa foleni, nikafuata mtindo tuliofundishwa wa kugawa kazi sehemu tatu, modeli itunze taarifa, kontrola izichukue na kuukabidhi ukurasa, na ukurasa uonyeshe tu, sasa mimi kwenye kontrola nikaona tabu ya nini kuchagua, nikaukabidhi ukurasa wa skrini ya pale benchini wanaposubiri wagonjwa taarifa zote za mgonjwa, jina, umri, simu, hadi kilichomleta, nikijiambia huenda siku moja zitahitajika, halafu kule ukurasani nikazificha, vikabaki kuonekana jina na namba ya foleni. Mwenzangu ninayefanya naye kazi akaja kubadilisha rangi za ukurasa, akafuta mistari ile ya kuficha bila kujua ni ya nini, na asubuhi yake skrini ikatoa kila kitu, na dada mmoja alikuwa amekaa na mama mkwe wake, mama mkwe akasoma, na wengine wakasoma, dada wa watu akajifunika uso kwa mtandio akatoka. Mwenye zahanati anasema Ijumaa mwenzangu anafukuzwa, nami nimenyamaza, kwani aliyefuta si mimi, lakini kila nikisema hivyo moyo unakataa, nikigeuza nako unakataa. Kosa ni la nani? Nimechanganyikiwa, wallahi.

R., Usagara

Marahaba, mwanangu. Pole, lakini usinizungushe. Jibu unalo, unaliogopa tu.

Kabla ya safu hii nilikaa masjala ya hospitali miaka ishirini na miwili. Faili lilikwenda kwa daktari. Aliyeita wagonjwa mlangoni nilimpa kikaratasi chenye namba, basi, na hata angekidondosha sokoni hakuna ambaye angeaibika. Wewe umempa mwita namba faili zima ukalifunika kitambaa, kisha unamtazama kwa jicho baya aliyeondoa kitambaa! Mwenzako ana kosa la kutouliza. La kumwaga siri ni lako.

Sasa sikiliza. Leo hii fungua hiyo kontrola, ukurasa wa skrini upewe namba ya foleni na chumba cha daktari tu, hata jina lisiende. Ukija kuhitaji zaidi, utaongeza siku hiyo. Kesho asubuhi nenda kwa mwenye zahanati, mwenzako akiwepo, useme kwa mdomo wako. Huenda ukafukuzwa wewe. Kubali. Yule dada usimfuate kwake hata kidogo, utamzidishia maneno. Muuguzi wake ndiye amwombe radhi faraghani kwa niaba yenu.

Na jambo moja limenikera. Barua yako ilinijia na jina kamili la yule dada, la mama mkwe wake, kijiji chao, na ugonjwa wenyewe. Nilihitaji lipi katika hayo ili nikujibu? Nimeyafuta yote kwa wino kabla barua haijatoka mezani kwangu. Umekabidhi faili zima tena, R., na safari hii hakuna mwenzako wa kumsingizia.