Siku Nilikukataza Kunisindikiza

Nasimiyu wangu,

Sasa? Najua ungekuwa umeshaniuliza, "Mama Njeri, leo umeniletea udaku gani?" Basi kaa vizuri, iko.

Unakumbuka yule msichana wa utafiti alikuja kwako Matulo, ile siku nilikuwa nimekutembelea kutoka Kitale? Ati kuna shirika huko ng'ambo linatoa pesa ya kuuliza wamama maswali, Kenya, Uganda na Malawi, halafu walinganishe. Si kisima, si shule, maswali tu! Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Akakuuliza nani anaamua mambo ya boma. Na mzee wako amekaa hapo hapo, anajifanya ananoa panga. Ukajibu kwa sauti, "Mzee ndiye anaamua." Msichana akaandika, akafunga mkoba.

Lakini mgeni si husindikizwa? Tulipofika kwa barabara ukamshika mkono. "Wewe mtoto, anaamua yeye, lakini mimi ndio nampikia hayo maamuzi. Anakula akidhani ni yake." Maskini, akatoa kalamu tena, amesimama kwa matope! Na wewe ukamwambia, "Hao wa Malawi wakisema yao, rudi uniambie." Akakubali.

Hakurudi. Tukasikia wafadhili wamefunga mfuko. Mimi nikasema hao wamekula wakaenda. Wewe ukasema, ngoja tu.

Sasa wamerudi, bana! Shirika ingine ilitoa pesa, wakatuita kwa ukumbi wa kanisa huko Kanduyi. Nilienda kwa niaba yako. Na unajua walisema nini? Ati Malawi ni vile vile, Uganda vile vile. Kwa nyumba mama anajibu ya mzee, akisindikiza mgeni anatoa yake. Sasa wamepewa pesa ya kuuliza upya, na wataulizia njiani, wakitembea. Halafu wakasoma neno lako la kupika, bila jina. Wamama wakapiga vigelegele! Nikasimama nikasema, "Huyo ni Nasimiyu!" Nikakaa. Nikalia kama mtoto.

Ni ile siku ya mwisho ilinirudia. Ulikuwa umelala mgonjwa, nikakuaga, ukaanza kupapasa chini kwa miguu ukitafuta patipati zako uvae. Nikakwambia, "Lala wewe, umechoka. Utanisindikiza siku ingine." Ukaniangalia tu. Ukarudisha miguu kwa blanketi.

Ulikuwa na neno, Nasimiyu? Mimi najua maneno ya soko yote ya Kitale, ya nani ameachwa na nani anadanganya nani. Hiyo yako moja sina. Ningekushika mkono tufike hata kwa mlango, hata kama ni polepole...

Pumzika, dada. Mahindi ikiisha kuvunwa nitakuja Matulo, nikae hapo kwa kaburi nikupe habari yote. Na nikiondoka nitatembea polepole mpaka kwa barabara, nimenyamaza. Mimi, kunyamaza! Lakini nitanyamaza, wewe ndio uongee.

Ni mimi wako,
Mama Njeri