Udongo wa Jiko la Mushi

Alhamisi, 1957

Leo jiko halikupasuka. Mikono yangu bado inanuka udongo.

Jumatatu nilimkasirikia sana mume wangu Salum, fundi bati. Mushi, kijana wa Kilimanjaro anayesoma chuo kikuu kule Uganda, alituletea hapa Kariakoo mchoro wa jiko la bati lenye udongo ndani, ili litunze moto. Salum alilikunja bati vizuri, lakini udongo ukapasuka mara mbili. Akamwambia Mushi mbele ya mafundi wenzake, "Chuo chenu hakijui udongo." Kijana akainamisha kichwa.

Sikuweza kuvumilia. Siku ile ile nikachanganya udongo mwingine na pumba za mpunga, kama mama alivyofanya kwa vyungu vyake, nikauacha ukauke polepole kivulini.

Mchana huu maharage yameiva kwa mkaa kidogo tu. Mushi alilizunguka jiko, haamini.

"Mama, haya ulisomea wapi?"

"Kwa mama yangu, nikimfinyangia vyungu."

Akaandika kila nilichosema. Salum akamvutia kigoda akae. Hiyo ndiyo samahani yake, namjua.

Keshokutwa Mushi anapanda treni, alipeleke jiko kwa walimu wake. Salum amelifunga kwa shuka lake la kulalia. Nikamwambia asihofu, halitavunjika.

"Silihofii jiko," akasema. "Namhofia yule mtoto. Walimu wasipomsikiliza, nani atamwambia kwamba amefanya vyema?"

"Si umwambie wewe, kabla hajaondoka."

Salum akaniuliza Mushi amefikia nyumba gani, akavaa kofia yake.